Hafla ya hisani yenye opera: anza na piano, menyu baadaye

Kila anayeniomba ushauri kuhusu chakula cha jioni cha hisani chenye muziki wa opera huanza na menyu. Pilau au biriani? Bufee au wageni wahudumiwe mezani? Mimi humrudishia swali: piano iko wapi, na fundi wake ni nani?

Nimekaa kwenye kamati za hafla hizi hapa Dar es Salaam kwa muda, na bajeti ya maua huwa haikosekani. Ya fundi wa piano ndiyo husahaulika. Piano ina nyuzi zaidi ya mia mbili, na mbao zake hunyonya unyevu. Itoe kwenye chumba chenye kiyoyozi, ipeleke ukumbi wa ufukweni, sauti zitahama tu. Basi ifike siku mbili kabla, na fundi airekebishe mchana wa hafla yenyewe, ukumbi ukiwa na hali ileile ya usiku. Wapanga meza wamwachie nafasi. Hawezi kusikia uzi huku viti vinaburutwa.

Kinanda cha umeme kitawafaa kanisani. Mwimbaji wa opera haimbi kwa maikrofoni, na spika za kinanda humfunika.

Okestra nzima hamtaimudu, na wala hamuihitaji. Waongozaji wengi wa opera walianzia kwenye piano, wakiwafundisha waimbaji sehemu zao kabla okestra haijaingia. Antonio Pappano, mkurugenzi wa muziki wa Royal Opera House ya London kuanzia 2002 hadi 2024, alipita njia hiyo. Mkialika mwongozaji wa namna hiyo, hupiga piano na kuongoza waimbaji papo hapo. Nimemwona mmoja, mikono yote kwenye piano, akiinua kidevu na kuvuta pumzi, na soprano wetu wa kwaya ya kanisa akaingia naye sawia. Kwa hiyo msimfiche nyuma ya nguzo au jukwaa la maua: waimbaji lazima wauone uso wake.

Halafu kuna vijiko. Kamati ikubaliane mapema na mkuu wa wahudumu: muziki ukianza, hakuna sahani inayoletwa wala kuondolewa, na brenda ya juisi izimwe. Jenereta iwekwe mbali. Mpango ninaoupenda ni supu, muziki, chakula kikuu, muziki tena, kisha michango, ndipo vitamutamu. Vipande vya muziki viwe vifupi. Wimbo "O mio babbino caro" wa mtunzi wa opera Puccini haufiki dakika tatu, na vinne au vitano vya hivyo vinatosha kwa awamu moja. Watu wana njaa, tusijidanganye.

Mgeni rasmi ahutubie mwanzoni kabisa. Akiachwa hadi mwisho, anakula muda wa kuchangisha. Baada ya wimbo wa mwisho MC asirukie utani. Ampe nafasi muuguzi wa wodi mnayoichangia aseme kwa dakika mbili kinachokosekana na bei yake. Kadi za ahadi, kalamu na namba ya kutumia pesa viwe mezani tangu mwanzo, maana mtu akianza kuazima kalamu, ile elfu hamsini inashuka kuwa ishirini.

Waliotoa ahadi wapigiwe simu wiki hiyohiyo, na apige mtu wanayemfahamu.