Blenda Imeungua Siku ya Kwanza, Muuzaji Asema Sikuuliza

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nauza juisi hapa Likoni. Mwezi uliopita nilinunua blenda kubwa ya mtumba kwa shilingi 13,500, nikalipa kwa M-Pesa. Muuzaji alisema ni ya Marekani, inasaga barafu ikawa unga. Plagi yake ilikuwa imeshavishwa adapta. Nilipoichomeka nyumbani ilinguruma kwa kasi ya ajabu, ikafuka moshi, ikazima. Fundi akanionyesha kibandiko chini ya mashine: volti 120. Muuzaji amekataa kunirudishia pesa. Ati sikuuliza, na risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Je, kosa ni langu?
Mama Juisi, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Kosa si lako.

Itazame adapta hiyo vizuri. Ndani yake zimefichwa pini mbili bapa, nyembamba, zisizoingia kwenye soketi zetu za matundu matatu. Adapta inabadilisha umbo la pini tu, umeme unabaki ule ule. Volti 240 za Kenya ziliingia kwenye mota iliyoundwa kwa 120, ndiyo ikaungua. Sasa, aliyeivisha adapta aliziona zile pini. Alijua mashine ile si ya umeme wetu, akakuuzia huku amenyamaza.

Kabla ya safu hii niliuza vyombo vya umeme miaka 11. Kila chombo cha Marekani tulikibandika karatasi mbele, kwa herufi kubwa: VOLTI 120, KINAHITAJI TRANSFOMA, yaani kifaa cha kushusha volti. Wateja wengi walisoma wakaenda zao, na ilikuwa haki yao kwenda na pesa zao mfukoni.

Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua. Haikusema "akiuliza". Nayo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuficha jambo la msingi, ikiwa kunampotosha mnunuzi, kuwa ni maelezo ya uongo. Ile "hairudishwi" isikutishe, maana haki ulizopewa na sheria hiyo hazifutwi na maandishi ya risiti. Ungekuwa umeichukia rangi tu, ningekwambia uvumilie.

Atajitetea kwamba kibandiko kilikuwepo. Kilikuwepo, ndiyo, chini ya mashine, kwa maandishi madogo. Wewe ni muuza juisi, hukusomea umeme. Yeye ndiye mwenye biashara ya vyombo hivyo, naye alikuwa na wajibu wa kuigeuza mashine na kukuonyesha.

Fundi asiifungue tena. Piga picha kibandiko na risiti, uhifadhi na ujumbe wa M-Pesa. Mwandikie barua ukitaja tarehe, bei na maneno aliyokwambia, umpe siku saba akurudishie 13,500 zako, nawe ubaki na nakala. Akikaidi, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wakili si lazima, na uamuzi unatakiwa kutolewa ndani ya siku 60.

Na hiyo adapta, tafadhali, usiichomoe kwenye plagi. Hakimu aione ilivyo.