Ghazali ya Kigujarati: shika kafia kabla ya radifu

Malenga wa Kiswahili akikutana na ghazali ya Kigujarati, shairi la beti za mistari miwili miwili katika lugha ya magharibi mwa India, huvutwa kwanza na radifu, yaani neno au kifungu kinachorudi bila kubadilika mwishoni mwa beti, akaona ni kibwagizo kwa jina jingine. Hapo ndipo anapopotea. Mzigo wa ghazali umebebwa na kafia, kina kinachokaa mara tu kabla ya radifu, na kina hicho hakisamehe.

Tazama mfano huu, radifu yake ikiwa "bado":

Mlango nimeufunga, sauti yalia bado;
Taa nimeshaizima, moshi wanijia bado.

Huu ndio matla, ubeti wa kwanza, ambamo mistari yote miwili hubeba kafia (-ia) na radifu. Baada yake mstari wa kwanza wa kila ubeti huwa huru, wa pili hurudi nyumbani:

Walisema siku saba huzuni itaondoka;
Leo ni mwaka wa pili, nakusubiria bado.

Ukiandika "nakungojea bado", maana imebaki lakini kafia imevunjika, na mizani imepungua moja. Kwa hiyo kabla ya kuandika matla, orodhesha kafia kumi unazoweza kuzitumia kweli. Zisipofika kumi, badilisha kina. Ghazali nyingi huwa na beti tano hadi tisa, na mshairi aliyeanza na kafia tatu huishia kulazimisha maneno.

Kuhusu mizani, neno letu "bahari" katika ushairi ni lilelile la Kiarabu wanalolitumia Wagujarati, ila hesabu ni tofauti. Sisi twahesabu silabi. Wao hupima pia uzito wake. Silabi nyepesi huitwa "la", nzito "ga". Neno nagar, yaani mji, ni la-ga: "na" ni nyepesi, na "gar" ni nzito kwa kuwa imefungwa na konsonanti. Bahari moja inayopendwa sana ni lagagaga mara nne, silabi 16, sawa na mshororo wetu wa nane kwa nane. Hati ya Kigujarati haionyeshi "a" ya mwisho wa neno inapomezwa, kwa hiyo anayehesabu kwa macho hukosea. Mwombe mzungumzaji wa Kigujarati akusomee kwa sauti. Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar wapo. Utasikia pia jinsi vijineno vifupi vya umiliki kama "no" na "ni" (mfano wa "wa" na "ya" zetu) vinavyofanywa vyepesi pale bahari inapodai. Ni ruhusa ya kawaida, usiihesabu kuwa kosa la mshairi.

Usianze na waasisi. Balashankar Kantharia na Manilal Dwivedi, wote wa mji wa Nadiad huko Gujarat, wote wakiishi 1858 hadi 1898, waliijenga njia, lakini Kiajemi kimejaa mno katika lugha yao. Kalapi, mtawala kijana wa Lathi aliyefariki 1900 akiwa na miaka 26, ni mwepesi zaidi. Mlango ulio wazi kabisa ni Mareez wa Surat (1917–1983): maneno ya nyumbani, majonzi yasiyopigiwa kelele. Kutoka kwake nenda kwa Gani Dahiwala, aliyekuwa fundi cherehani mji huohuo, kisha Adil Mansuri na Chinu Modi.

Ubeti wa mwisho, makta, hubeba lakabu ya mshairi, na hapa Waswahili tuna bahati. Mareez ni mgonjwa, shina moja na maradhi yetu. Befam, lakabu ya Barkat Virani, ni asiyejali. Ndani yake mna fahamu ileile. Shunya ni sifuri, Ghayal ni aliyejeruhiwa. Lakabu nzuri hufanya kazi mara mbili, jina na neno la kawaida, na ikiweza kung'olewa bila ubeti kuyumba, haijatumika.

Kosa la mwisho la mgeni ni kusimulia kisa kutoka ubeti hadi ubeti kama utenzi. Kila ubeti wa ghazali husimama peke yake. Jaribu ulio wako kama washairi wafanyavyo katika mushaira, yaani baraza la kusomeana mashairi: soma mstari wa kwanza mara mbili, nyamaza, ndipo utoe wa pili. Msikilizaji akiwa ameshaukisia mwisho wote, radifu pamoja na kafia yake, andika upya mstari wa kwanza.