Mdogo wako asikwepe mahakama ya uhamiaji (yalitukuta na sisi)

Mleta uzi pole sana dada. Nimesoma ulivyoandika, mdogo wako yuko Marekani, mumewe anampiga na pasipoti kaificha, sasa imekuja barua ya mahakama ya uhamiaji na ndugu huku wanamshauri asiende, ahame mji akajifiche. Nawaomba sana mwambieni aende. Asipotokea jaji anaweza kutoa amri ya kumrudisha yeye akiwa hayupo, na kuja kuifuta hiyo amri ni kazi kwelikweli.

Kwetu Mbagala yalimkuta dada yangu wa tumbo moja. Mumewe raia wa kule, kila akimpiga wimbo ni ule ule, nikinyanyua simu tu unapanda ndege. Dada aliamini kabisa kwamba karatasi zake ziko mkononi mwa yule mwanaume. Kumbe tangu 1994 wana sheria inaitwa VAWA, mke anayeteswa na mume ambaye ni raia au ana grinikadi (kibali cha kuishi kule moja kwa moja) anaomba mwenyewe bila saini ya mume, fomu I-360, na wanaume wanaoteswa na wake zao nao wanaingia humo humo. Maofisa wanakatazwa kisheria kutoa siri ya ombi, wala hawatakiwi kumhukumu kwa maneno ya mtesaji peke yake. Kama kesi iko kwa jaji tayari kuna njia nyingine ya kuomba jaji afute kurudishwa, hapo aonyeshe kakaa kule miaka 3 mfululizo, ana mwenendo mzuri, na kurudishwa kutamuumiza sana yeye au mtoto wake. Mume akiwa hana uraia wala grinikadi kuna viza ya U kwa aliyefanyiwa uhalifu akawasaidia polisi, ila zinatoka 10,000 tu kwa mwaka kwa hiyo foleni ni ya miaka.

Wakili mahakama haikupi, atafute wale wa vikundi vinavyosaidia wanawake waliopigwa, wapo wa bure. Mkalimani ndio anapewa, asione aibu kuomba Kiswahili hata kama Kiingereza anakielewa. Dada alipomwambia jaji "alinikaba" mkalimani akatafsiri kama vile alishikwa tu, dada akakataa pale pale, akajishika shingo kwa mikono miwili akasema hivi, alinifanya hivi. Ikarekebishwa.

Na nyie wa huku mna kazi kubwa, ushahidi mwingine uko Dar. Mama ana simu imepasuka kioo, hafutagi kitu, tukakaa mkekani tukaanza kusikiliza voisi za WhatsApp za miaka miwili, dada ananong'ona bafuni kafungulia bomba ili mume asisikie, ile sauti ya maji mama mpaka leo hawezi kuivumilia. Tukaziandika zote na tarehe, zikatafsiriwa na mtu akasaini kwamba anazijua lugha zote mbili. Mama akala kiapo kwa wakili Kariakoo akaweka dole gumba. Cheti cha ndoa mume alikificha ila walifunga ndoa hapa Dar, tukafuatilia nakala RITA, ile ofisi ya serikali ya usajili. Kwa hiyo msidhani bila ripoti ya polisi hana kesi, dada hakuwahi kuita polisi hata siku moja na jaji alimkubalia ombi lake.

Akikimbia nyumba kabla ya kesi, mahakama iambiwe anwani mpya ndani ya siku 5, amuulize wakili aandike ipi ambayo mume hawezi kuifikia. Barua ya tarehe ikienda nyumbani kwa mume ndio imepotea hiyo.

Halafu tafadhali usimtumie huu uzi kwenye simu yake kama mume huwa anaishika. Sisi tulikuwa tunampigia kwa simu ya shoga yake wa kazini akiwa lanchi, huku saa mbili usiku. Niambie ndoa ilifungwa huku au kule, nikuelekeze pa kuanzia kuhusu cheti.