Rejeta ya alumini kwenye Mustang: pima nafasi ya feni kwanza

Ndugu, nimekuelewa: Mustang yako ya 1967, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289, inachemka kwenye foleni, na rejeta ya alumini uliyonunua inakaribia kugusa feni. Usiilazimishe. Rejeta nyingi za alumini ni nene kuliko ile ya shaba iliyokuja na gari. Acha walau sentimita 2.5 kati yake na feni, maana injini hucheza kwenye mauntingi (vishikizio vyake vya raba) ukikanyaga mafuta. Nafasi ikikosekana, toa feni ya injini uweke ya umeme, yenye relei (swichi ya umeme ya kuiwasha) na fyuzi yake.

Kava la feni, lile linaloizunguka ili hewa ipite kwenye rejeta, usilitupe! Mimi nililiacha gereji, gari likaendelea kuchemka foleni hadi nilipolirudisha.

Weka raba juu na chini ya rejeta, alumini haipendi kubanwa chuma kwa chuma. Kulanti (dawa ya kupozea injini) changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, si ya bomba. Kama gia ni otomatiki, paipu zake za mafuta huingia kwenye rejeta: kaza nati kwa spana mbili, usije ukang'oa kiungio. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa moto.

Ikichemka hata ukiwa kasi barabara kuu, mwone fundi apime gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake).