Usiuze "kilimo cha zabibu", uza kupogoa

Mdogo wangu, umeuliza kama ujuzi wako wa kupogoa zabibu (kukata matawi ya mzabibu) hapo Hombolo, Dodoma, unaweza kukuingizia hela mtandaoni. Unaweza, ila usianze kwa kutegemea matangazo ya YouTube. Wanataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na wewe kodi unadaiwa mwezi huu.

Anza na WhatsApp. Kuna watu wa Dar wenye ekari mbili tatu huku, shamba wanaliona Krismasi kwa Krismasi. Hao ndio wateja wako. Hawajui kwamba mzabibu wetu haulazwi na baridi kama wa Ulaya. Mkasi ndio unaouambia uanze upya, ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Ukikosea siku ya kupogoa, mavuno yanaangukia kwenye mvua, vishada vinaoza.

Piga video ya dakika mbili: tawi moja, hesabu macho (pale chipukizi linapotokea) kwa kidole, kata, eleza kwa nini umeacha mawili na si matano. Hiyo wape bure. Unachouza ni kumjibu mtu aliyekutumia picha za mizabibu yake: hili toa, hili acha. Mimi ningeanza na elfu kumi kwa shamba, M-Pesa kwanza, majibu baadaye. (Ukitoa ushauri kwa mkopo hulipwi, nimeonja.)

Dawa za ukungu usimwandikie mtu kwa kuangalia picha tu. Hapo mwelekeze kwa watafiti wa TARI Makutupora, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Dodoma.