Nilichanika kidogo ukeni wakati wa kujifungua na mkunga hakunishona, nitapona? Mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto sana yenye Dettol.

Hongera kwa mtoto, dada. Kama ni ngozi tu iliyochanika na damu imekata, mara nyingi inajifunga yenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo mkunga kutokukushona si uzembe. Msuli ukichanika ndipo nyuzi zinahitajika. Kinachowasha zaidi ni mkojo: jaza kopo maji ya vuguvugu, jimiminie taratibu huku unakojoa, kisha jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Badilisha pedi mara kwa mara. Parasetamoli ni salama ukinyonyesha. Yale maji ya moto sana anayokukanda mama mkwe, pamoja na Dettol, mkatalie kwa heshima, vinaunguza kidonda. Kunywa maji mengi, kula mboga na papai ili choo kiwe laini. Usaha, harufu mbaya, homa, au maumivu kuzidi: rudi hospitali siku hiyo hiyo.