Mrembo Hakuwa Peke Yake Darasani

Mhariri, mmeuliza kama warembo wa vichekesho vya zamani vya televisheni walionewa kwa kupewa nafasi ya urembo tu, basi. Walionewa, ndiyo. Lakini mbona huruma yenu yote kwa mrembo?

Chukueni Mind Your Language, kichekesho cha lile darasa la jioni la Kiingereza kwa wageni kule London, kilichoanza kurushwa na kituo cha LWT cha huko huko mwaka 1977. Françoise Pascal alikuwa Danielle, yaya wa Kifaransa, na kazi yake kubwa ilikuwa kupendeza huku wanafunzi wenzake Giovanni na Max wakimgombania. Msimu wa pili akaongezwa Anna Bergman, awe msichana wa Kiswidi. Huyo ni binti wa Ingmar Bergman, yule mwongozaji wa filamu nzito za kifo na Mungu! Haya, sasa tazameni waliokaa nao. Kevork Malikyan, Muarmenia mzaliwa wa Uturuki, kafanywa Mgiriki. Pik-Sen Lim, mzaliwa wa Penang, kashikishwa kitabu chekundu cha Mao. Jamila, mama wa Kihindi, yeye alifuma tu.

Sisi Mombasa tulikitazama kwa jirani, Kalasinga mmoja fundi wa magari. Watoto mkekani, wazee vitini. Danielle akitokea, mjomba wangu alikumbuka ghafla kwamba ana kiu, akatoka. Bibi, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, alikuwa upande wa Jamila daima. Na Ranjeet, yule Singasinga wa kipindi, akianza kukabana na Ali, Mpakistani wa darasa lile, kisha kuomba zile samahani zake elfu, mwenye nyumba alicheka mpaka machozi, akiyafuta kwa kitambaa kile kile cha gereji, chenye grisi.

Jioni moja mwanawe, rika langu, aliinuka akazima TV. Mbele ya wageni, bila neno. Baba akamuuliza kuna nini. Kimya. Watoto wote pale mkekani tulijua: shuleni jina lake lilikuwa Samahani Elfu. Hata mwalimu alimwita hivyo akiita mahudhurio, na darasa zima likaunganisha viganja na kuinama. Baba akawasha tena, akamvuta mtoto akae ubavuni pake, akaendelea kucheka, ila sasa alicheka hata pale pasipokuwa na cha kuchekesha. Bibi akasema usingizi umemshika, twendeni. Ilikuwa saa mbili na robo.

Kwa hiyo mkiniambia Danielle alionewa, nasema sawa, lakini sijawahi kusikia msichana wa Kifaransa aliyeogopa kwenda shule Mombasa kwa sababu yake. Mwaka 1979 LWT wenyewe walikisimamisha, bosi wao akiona kinadhalilisha watu. Walichelewa.

Ingawa hapo pia nasita. Barry Evans, mwalimu Brown mwenyewe wa darasa lile, hakuwa na lafudhi ya kuchekwa. Alikuwa na sura ya kijana isiyotaka kuzeeka, na ikamponza. Kazi zikakauka, akaishia kuendesha teksi, akafa 1997. Na hapa kwetu? Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Vitimbi, kichekesho cha TV ya Kenya, ilimfanya Mzee Ojwang, Mjaluo wa lafudhi nzito, na Ojwang akabaki mpaka alipofariki 2015. Nani mtaani alimwita Wanjau? Tena tulimpenda, na Wajaluo ninaowajua walimpenda kutushinda.

Basi, uamuzi wangu, na msinishike shati: walionewa wote, mrembo kidogo kuliko wenzake, na kipindi kilistahili kufungwa. Hata hivyo wajukuu wakikifungua YouTube navuta kiti, na nacheka, hasa kwa Jamila. Nikiwepo mimi wa kuwaeleza, lakini. Wakiyapeleka yale maneno shuleni tutagombana.